Kisigino cha kulia cha wakili: mwendo ulikula wapi, na wapi haukugusa

Wakili mmoja wa kujitegemea, kijana, aliniletea viatu vyake vyeusi vya kamba akiwa na hakika kwamba kauziwa feki. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: viatu vimetoka boksi moja siku moja, vimevaliwa pamoja siku zote, sasa cha kushoto bado kinavalika na cha kulia kisigino kimekwisha kabisa. Kama raba ni ile ile, kwa nini upande mmoja ufe?

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kibandani kwangu, huku mjini Dar es Salaam si mbali na Mnazi Mmoja, jambo la namna hii linanifikia mara kwa mara na watu wanatumia pesa pasipostahili. Mtu anageuza kiatu, anaona kilipolika, anasema "basi ndivyo ninavyotembea", halafu anaanza kuutibu mguu. Ni kweli soli hubeba alama za mwendo wa mtu. Lakini hubeba pia alama za moto, za maji, za umri, za usafiri, na za dawa aliyopewa mtu bila kuihitaji. Ukitaka kuusoma mwendo, toa kwanza yale yasiyo ya mwendo. Kwa viatu vya wakili huyu kazi kubwa ilikuwa hapo.

Viatu vyenyewe

Juu ni ngozi halisi, imetunzwa, imepigwa rangi vizuri. Chini ni soli ya raba ya kumimina, kipande kimoja pamoja na kisigino chake, imebandikwa kwa gundi. Viatu vingi vya ofisini vinavyouzwa hapa mjini ni vya muundo huo. Jambo ambalo wavaaji wengi hawalijui ni kwamba kisigino cha soli ya namna hii hakijajaa. Ukikikata unakuta ndani vyumba vitupu vilivyotenganishwa kwa kuta nyembamba, ili kiatu kiwe chepesi na raba isitumike nyingi. Kinachogusa ardhi ni sakafu ya milimita chache tu. Sakafu hiyo ikitoboka, zile kuta nyembamba haziwezi kubeba uzito wa mtu, na kuanzia hapo kisigino kinakwisha kwa kasi nyingine kabisa.

Kiatu cha kulia kilikuwa kimefika huko. Kona ya nyuma upande wa nje ilikuwa imelika mpaka ndani, vyumba viwili viko wazi na vimejaa mchanga. Kimoja kilikuwa kimemeza kijiwe ambacho nilikitoa kwa ncha ya msharasi. Ukikiweka mezani, kiatu kinalalia nje. Na upande wa ndani wa kisigino hicho hicho, ukingoni, raba ilikuwa imeondoka kipande cha urefu wa kidole.

Kiatu cha kushoto kilikuwa kimelika kona ya nyuma upande wa nje, kwa kiasi cha kawaida. Upande wake wa ndani ulikuwa mzima.

Nilipoingiza mkono ndani ya kiatu cha kulia nikakuta juu ya soli ya ndani kuna kipande kingine cha kuongezea, kigumu, kimeinuka upande wa uvungu wa mguu na kushuka upande wa nje. Cha kushoto hakikuwa nacho. Nilimwuliza ni cha nini. Akasema duka moja lilimwambia mguu wake wa kulia unaangukia ndani, na ushahidi ulikuwa ule ukingo wa ndani ulioondoka. Wakamwuzia soli ya kurekebisha, kwa mguu wa kulia peke yake.

Kisigino kinavyolika kwa mtu mzima wa afya

Anayetembea kawaida hutangulia kutua kisigino. Na hakitui kikiwa bapa. Vidole vimeelekea nje kidogo, unyayo nao umegeuka kidogo, kwa hiyo kinachogusa chini mwanzo ni kona ya nyuma upande wa nje. Baada ya hapo mguu unalala kuelekea ndani, uvungu unashuka kidogo ili kupokea uzito, halafu uzito unasogea mbele mpaka kwenye kifundo cha kidole gumba na cha pili yake, ambapo mtu anajisukuma na kuondoka. Katika kila mzunguko wa hatua, mguu mmoja unakuwa ardhini kwa takriban asilimia 60 ya muda na hewani asilimia 40. Nguvu inayoupata mguu inapotua huzidi uzito wa mwili kidogo, kama mara 1.1 hadi 1.2 kwa mwendo wa kawaida. Mtu wa kilo 80 anakandamiza kisigino kwa kama kilo 90 au zaidi kidogo, na mwanzo wa kutua uzito huo uko kwenye kona ndogo.

Kwa hiyo kona ya nje ya nyuma kulika kabla ya sehemu nyingine ni hali ya kawaida ya binadamu. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi huja wakiwa na wasiwasi wa mguu kwa alama ambayo ningeshangaa kutoiona. Wasiwasi wangu mimi huanza pale alama zinapokaa kusikotarajiwa: kisigino kilicholika upande wa ndani wote, soli ya mbele iliyolika kwa nje tu, ncha ya kiatu kimoja iliyokwanguka wakati mwenzake mzima, au tofauti kubwa kati ya kulia na kushoto.

Ardhi nayo inahusika. Mchanga wetu una chembe nyingi za madini ya kwatsi, na kwatsi iko daraja la 7 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs chenye madaraja 10. Inakwaruza kioo, sembuse raba. Mtu anayetembea kwenye vigae vya ofisini siku nzima na anayetembea pembezoni mwa barabara yenye mchanga juu ya lami hawawezi kumaliza kisigino kwa muda mmoja, hata wawe na mwendo ule ule. Ila mchanga unaongeza kasi ya kulika, hauchagui upande. Hauwezi kueleza kwa nini kulia kumekwisha na kushoto bado.

Kuna jambo moja la mahesabu ambalo kila mvaaji wa viatu vya ofisini angefaa kulijua. Kisigino cha kiume kina upana wa kama milimita 65. Kikilika kwa mteremko hadi upande wa nje ukapungua milimita 4, kiatu kizima kinalalia nje kwa nyuzi 3 na nusu hivi. Mguu ulio ndani nao unalala hivyo. Ukishalala, hatua inayofuata inatua nje zaidi, na inakula zaidi pale pale palipolika. Ndiyo maana milimita ya kwanza huchukua muda mrefu na za mwisho hupotea mtu asiweze kueleza zimekwenda lini.

Ukingo wa ndani

Sasa turudi kwenye ule ukingo uliomponza wakili. Raba iliyolika kwa kusuguliwa huwa na uso mkavu usiong'aa, na ukiielekeza kwenye mwanga unaona mikwaruzo midogo iliyolala kufuata mwendo, kutoka mbele kwenda nyuma. Pale upande wa ndani palikuwa laini, panang'aa, bila mkwaruzo hata mmoja. Kando yake raba ilikuwa imejikunja na kuganda, mfano wa mshumaa uliotiririka.

Nikakigeuza kiatu na kutazama chini. Soli za kumimina hutoka kiwandani na nakshi, vile vijistari vya kuzuia utelezi. Kwenye kona ya nje vijistari vilikuwa vimefutika vyote. Upande wa ndani vilisomeka vizuri mpaka mwisho wa ukingo. Hapo ndipo kesi ilipogeuka. Mguu unaoangukia ndani hula kisigino kutoka chini; hauwezi kuondoa raba ubavuni na kuacha nakshi za chini zikiwa nzima. Kilichoondoa raba ile kiligusa ubavu, na kilikuwa cha moto.

"Wakili, kutoka nyumbani mpaka kituoni unakwenda na nini?"

"Boda, fundi. Kila asubuhi. Kwetu ni bondeni huko ndani ya Kimara, kupanda ule mlima na suti nitafika nimelowa."

"Ukikaa unapanua miguu au unaibana?"

"Naibana. Mkoba naupakata, nikipanua unaanguka."

Bodaboda nyingi zinazotembea hapa Dar zina bomba la moshi upande wa kulia, na abiria hukanyaga karibu nalo. Akibana miguu, kisigino cha kulia kwa ndani kinagusa bomba. Kila asubuhi kinagusa kidogo, kinalainika kidogo, kinapoa kikiwa kimepungua. Nilimwonyesha na alama nyingine katikati ya soli, pale uvunguni ambapo mwenye kutembea hagusi ardhi: mfereji uliopita kwa upana wa kiatu, kwenye viatu vyote viwili. Hiyo ni alama ya chuma cha kukanyagia. Abiria wa boda wa kila siku huwa nayo.

Watu wengine wanauliza: mbona kandambili za tairi, katambuga, haziyeyuki? Raba ya tairi imepikwa na salfa, ufundi uliotokana na ugunduzi wa Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839. Raba iliyopikwa hivyo ikizidiwa na moto huungua, hairudi kuwa uji. Soli nyingi za kumimina ni za mchanganyiko unaolainika kwa joto na kuganda tena ukipoa. Ndivyo zinavyomiminwa kiwandani, na ndivyo zinavyoharibika kwenye bomba la pikipiki.

Nitaje na adui mwingine ambaye husingiziwa mwendo, ingawa kwa wakili hakuwepo. Kuna soli za poliyurethani, nyepesi na laini, ambazo unyevu huzivunja taratibu kwa ndani hata kiatu kikiwa kabatini. Hali ya hewa ya pwani inaziharakisha. Mtu anachukua kiatu cha mtumba kinachoonekana kipya, anakivaa harusini, soli inamomonyoka vipande chini ya meza. Nimewahi kuletewa viatu vya hivyo huku mwenyewe akiniuliza kama anakanyaga vibaya. Soli iliyokatikakatika na kutoa vipande vya kusagika ukiibonyeza kwa kidole imezeeka. Mwenye mguu hana kosa.

Kutafuta ushahidi wa mwendo wenyewe

Kujua kwamba ukingo wa ndani uliyeyuka hakukujibu swali lake la kwanza. Bado kona ya nje ya kulia ilikuwa imetoboka na ya kushoto haijatoboka. Nikamwomba aje na vitu viwili: viatu vyake vya zamani vya kazini, na kandambili anazovaa nyumbani.

Ombi la kandambili huwashangaza watu, lakini kwangu ni ushahidi bora. Hazina kisigino kirefu, hazina kitu cha kuongezea ndani, hazipandi boda, na mtu akizivaa hafikirii anavyotembea. Juu yake unyayo umechora umbo lake, chini ardhi imekula inapokula. Za wakili zilikuwa zimelika nyuma kwa nje, kulia na kushoto karibu sawa. Alama ya unyayo ilionyesha uvungu umeinuka vizuri pande zote mbili. Mguu unaoangukia ndani ungeacha unyayo mpana uliojaa katikati.

Viatu vya zamani vilisema hivyo hivyo. Alivivaa alipokuwa anaishi Magomeni, kabla hajahamia Kimara na kabla ya boda. Kona za nje zimelika, kulia na kushoto zimelingana, ubavu wa ndani haujaguswa, uvunguni hamna mfereji.

Nikamwambia avae vile vilivyoharibika, kwanza na kile kipande cha kurekebisha kikiwa ndani, halafu bila hicho, atembee mbele yangu kwenye veranda kwenda na kurudi. Nilikaa chini nikamtazama kwa nyuma, usawa wa visigino. Na kipande ndani, mguu wa kulia ulitua nje na ukakaa nje. Ule mlalo wa kuingia ndani unaopokea uzito ulikaribia kutoweka. Bila kipande mguu ulilala ndani kidogo kama mwenzake, ingawa kisigino kilichopinda kiliendelea kuuvuta nje.

Basi mlolongo wote ukaonekana. Bomba liliyeyusha ubavu wa ndani. Dukani wakausoma ule uyeyukaji kuwa ni mguu unaoangukia ndani. Wakaweka kitu cha kuinua upande wa ndani, kazi yake ni kuusukuma mguu nje. Lakini mguu huu ulikuwa unatua nje tangu awali, kwa namna ya kawaida. Uliposukumwa zaidi ukaimaliza kona ya nje, mteremko ukaongezeka, sakafu ya kisigino ikatoboka, na vile vyumba vitupu vikakamilisha uharibifu. Kiatu hakikuwa feki, na mguu haukuwa na kasoro. Kilichokuwa na kasoro ni tiba.

Sisemi kwamba soli za kurekebisha hazina maana. Zipo za kweli na zinasaidia watu, zikitengenezwa baada ya mguu kupimwa na mtu aliyesomea. Tanzania tunao wataalamu wa viungo saidizi, yaani viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo. Chuo cha TATCOT kilichoko hospitali ya KCMC Moshi kinawafundisha tangu mwaka 1981, na hapa Dar kuna Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili. Mimi ni fundi wa viatu, kwa hiyo kuna alama nikiziona namwambia mteja aende huko kabla sijagusa soli. Ncha ya kiatu kimoja inayoburuzwa ghafla wakati zamani haikuburuzwa. Tofauti kubwa ya kulia na kushoto kwenye kila kiatu alicho nacho mtu, kandambili zikiwemo. Na zaidi ya yote, mwenye kisukari ambaye kiatu kimemchubua na hakusikia. Huyo simfanyii raba kwanza. Namwomba aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kilichofanyika

Kile kipande cha ndani nilikitoa nikamrudishia mkononi, kwa sababu ni mali yake.

Visigino nilivikata vyote viwili, hata cha kushoto kilichokuwa kizima kuliko mwenzake. Wateja hupenda nifanye kimoja kupunguza gharama, nami hukataa. Kisigino kipya upande mmoja na cha zamani upande wa pili ni miguu miwili isiyolingana urefu, na utakuwa umempa mtu tatizo alilokuwa hana. Vyumba vilivyo wazi nilivitoa mchanga, nikavikausha, nikavijaza vipande vya raba vilivyokatwa kwa umbo lake na kugandishwa, kisha nikasawazisha kwa msasa mpaka kiatu kilipokaa wima mezani. Chini nikaweka raba ya kisigino iliyopikwa, unene milimita 6, gundi pande zote na misumari midogo iliyozamishwa. Kona ya nje nilitia kipande cha raba ngumu zaidi. Aliuliza kuhusu chuma, vile vipande vya nusu mwezi vinavyogongomelewa. Kwa mtu anayeshinda kwenye korido za vigae na ngazi za mahakamani simshauri: vinateleza, na vinapiga kelele pale ambapo watu wanatakiwa kunyamaza.

Ubavu ulioyeyuka niliuchonga kuondoa ule mkunjo, nikaujaza, nikaulainisha na kuupaka wino mweusi. Ukitazama kwa karibu unaona palipofanyiwa kazi.

Kuhusu boda tulizungumza zaidi kuliko kuhusu raba. Kumwambia mtu wa Kimara bondeni apande mlima kwa miguu asubuhi akiwa na suti si ushauri. Nilimwambia asogeze kisigino mbele ya chuma cha kukanyagia badala ya kukiacha nyuma kwenye bomba, na mkoba auvae mgongoni ili magoti yasibane. Au afanye wanavyofanya kina dada wengi wa ofisini: avae viatu vya raba au kandambili mpaka kituo cha Kimara, viatu vikae kwenye mfuko, avibadilishe akishashuka basi la mwendokasi pale Posta ya Zamani. Alichagua hili la mwisho. Alisema na mguu wenyewe unapumzika.

Alirudi baada ya masika kuja kupaka rangi, nikavigeuza kabla hajasema lolote. Ubavu wa ndani haujaguswa na moto tena. Kona za nje zimeanza kulika, zote mbili, kushoto kukizidi kulia kwa kama milimita moja. Milimita moja ni tofauti ya kawaida. Watu wengi hawakanyagi miguu yote miwili kwa nguvu zilezile. Sikuongeza kitu chochote ndani ya kiatu. Tumekubaliana raba ikifika nusu, yaani milimita 3 kwenye kona, avilete vyote viwili.